Mtu Aliyepima Majina

Nikisikia mtu wa Thika anamsifu Inchaji, natafuta kitu cha kufanya na mikono. Nafunga kamba ya kiatu, napekua mkoba, najifanya nasoma simu. Nikifungua mdomo nitasema, na nikianza kusema sitamaliza. "Mzee mzuri vile! Mzee wa kanisa! Ndiye alitupima sisi kabla ya harusi!" Haya basi, leo nimefungua mdomo, na anayetaka kununa anune.

Sote tulimwita Inchaji kwa sababu ndiye aliyekuwa msimamizi wa maabara. Hata mke wake akipiga simu pale alikuwa anasema, "Nipatie Inchaji." Nilifanya kazi chini yake miaka tisa, katika maabara ya binafsi yenye vyumba vitatu pale Thika mjini. Nilifika nikiwa mwanafunzi wa mazoezi, nikabaki. Karibu kila kitu ninachojua kuhusu damu alinifundisha yeye, na hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Mpaka leo siwezi kushika chupa ya damu bila kuishika anavyoishika yeye.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuwapima watu wanaobeba sikoseli bila kujua. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa, anacheza mpira, anabeba magunia sokoni, kumbe nusu ya damu yake ni nzuri na nusu ina kasoro. Huyo tunamwita AS. Yeye haumwi. Lakini akizaa na AS mwenzake, mtoto anaweza kuchukua kasoro kwa baba na kasoro kwa mama, akawa SS, na huyo SS ndiye anayelia na mifupa mpaka mzazi anatamani amwazime mifupa yake. Aliye safi pande zote ni AA. Makanisa siku hizi yanawatuma wachumba wapimwe kabla ya harusi, na wachumba wa Thika, na wengi wa Ruiru, walitumwa kwa Inchaji.

Alikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi na wanga mpaka ukilivua linaweza kusimama lenyewe. Alilifunga vifungo vyote, hata Februari jua likitupika chini ya paa la mabati. Kucha zikiwa ndefu anakurudisha nyumbani. Mimi alinirudisha mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimezipaka rangi kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. "Damu ya watu si mahali pa urembo," alisema mbele ya wateja. Nililia chooni. Baadaye nikajiambia, huyu mzee ni mkali kwa sababu anajali. Ujinga wa ujana huo, kudhani kila mkali anajali.

Wachumba wakija aliwaketisha kwenye benchi, anatoa mfukoni vifuniko vinne vya soda, viwili vyekundu na viwili vyeupe. Anampa bwana chekundu kimoja na cheupe kimoja, na bibi vilevile. Anawaambia wavifiche nyuma ya mgongo, wavichanganye, kila mmoja atoe kimoja bila kuangalia. Vikitoka vyeupe viwili anasema, "Mtoto mzima." Vikitoka vyekundu viwili anawaacha waangalie. Halafu, "Rudisheni. Toeni tena." Kuna watu waliodhani ukizaa wanne, mmoja ndiye anaumwa na watatu wanapona, kama vile mnagawana nyama. Hapo alikuwa anapandwa na hasira. "Nani amekwambia mimba inakumbuka ile ya kwanza? Kila mimba ni kutoa upya!" Wachumba walitoka pale wameshikana mikono. Alikuwa mwalimu mzuri, na laiti angekuwa mbaya nisingemwamini.

Alikuwa na misemo yake. "Haraka ni ya boda boda." "Mashine haina aibu, mtu ndiye ana aibu." Ule uliokuwa unasifiwa sana ni wa wakati wa uchaguzi. Wafanyakazi wawili walianza kurushiana maneno ya kabila, wewe watu wenu, wewe watu wenu. Inchaji alitoka ndani na glavu mkononi akasema, "Hapa ndani damu haina siasa. Anayetaka siasa kuna barabara hapo nje." Wote wakarudi kazini. Mimi, Mluhya katikati ya Wakikuyu, nilimpenda siku hiyo. Nilienda nyumbani nikamwambia baba yangu, hatimaye nimepata mtu. Sasa nikikumbuka natamani ningempigia makofi usoni badala ya mikononi.

Maana huyohuyo alikuwa na mchezo mmoja, na tulikuwa tunaucheka. Mpe majina yako matatu, akuambie kwenu. "Macharia? Na mama ni Nyambura? Nyinyi ni wa Gatanga, ile sehemu ya juu, karibu na kiwanda cha chai." Mteja anashangaa, "Haiya! Umejuaje, mzee?" Kicheko chumba kizima. Watu wa Majengo, Waislamu ambao babu zao walitoka pande nyingi, walimshinda. "Hao wamechanganyika," alikuwa anasema, "hao huwezi kujua." Mimi nilizaliwa Makongeni hapa Thika, baba yangu akiwa mfanyakazi wa kiwandani, na Busia nimekwenda mara nne, zote za matanga. Lakini kwa Inchaji nilikuwa Nekesa wa Busia mpaka siku ya mwisho.

Nitasema na mazuri yake, kwa sababu mama yangu alinifunza kwamba hata adui ukimtaja umtaje mzima. Watoto wa sikoseli waliolazwa hospitalini aliwatembelea akitoka kazini, na machungwa kwenye mfuko wa karatasi. Aliwajua wote. "Kunywa maji, kijana wangu. Damu yako inapenda maji." Mmoja akifa, kesho yake Inchaji alivaa tai nyeusi na hakusema na mtu mpaka saa sita. Niliona kwa macho yangu, sikuambiwa. Kwa hiyo msiniambie hakujua sikoseli inafanya nini. Alijua kuliko wengi wetu, na ndiyo maana sitamsamehe kirahisi.

Sasa njia ya kupima, maana bila hiyo hamtaelewa alifanya nini. Unaosha chembe za damu, unazipasua, unadondosha kidogo kwenye ukanda mweupe, mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukanda mmoja una nafasi nane. Unaulaza kwenye kisanduku chenye maji ya dawa, unawasha umeme, na damu inaanza kutembea. Ile nzuri inakimbia mbele, yenye kasoro inabaki nyuma. Ukiupaka rangi nyekundu unaona mistari. AA ana mstari mmoja mbele, SS ana mmoja nyuma, AS ana yote miwili. Ukimaliza unaukausha na kuubandika kwenye kitabu, na chini ya kila nafasi unaandika namba ya mtu.

Nafasi ya kwanza lazima iwe damu ambayo tayari unaijua, ili ulinganishe na nyingine. Tuliita kontroli, na kontroli yetu nilikuwa mimi. Mimi ni AS. Niligundua wiki yangu ya pili pale, Inchaji aliponipima, naye akafurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. "Sasa hatutatafuta kontroli tena, tumeajiri moja!" Kila Jumatatu alinitoa damu kidogo. Miaka tisa damu yangu ilitangulia kwenye kila ukanda, ikiwaonyesha watu wa Thika mistari miwili inakaaje. Kwa hiyo mimi sikuwa msichana wa kuolewa akiwa kipofu. Nilijua nilichobeba. Nilijiapiza sitaolewa na AS, hata awe malaika, na Inchaji alijua nimejiapiza.

Njoroge alikuwa anauza vipuri vya pikipiki Ruiru. Nilimpenda kwa sababu alikuwa anasikiliza mpaka mwisho. Nilipomwambia habari ya damu hakubisha, alikunja shati pale pale. "Toa hata lita, mama." Nilimtoa damu mwenyewe, lakini kupima sikupima. Inchaji alikuwa na sheria kwamba mtu wa maabara hagusi matokeo ya mtu wake. "Macho yako yataona kile moyo unataka," alikuwa anasema, na hapo alisema kweli. Nilimkabidhi chupa. Akasoma karatasi iliyobandikwa, akasoma majina yote matatu kwa sauti, akatabasamu. "Njoroge wa Kandara? Huyu ni AA hata kabla sindano haijaingia." Tukacheka, na mimi nikacheka. Akanipa ruhusa niende nikajaribu gauni, jioni nikapata karatasi yenye mhuri na sahihi yake. AA. Njoroge aliiweka ndani ya Biblia ya mama yake.

Mtoto wetu alikuwa na miezi tisa mikono ilipofura. Vidole vilikuwa kama ndizi ndogo, na akiguswa miguu analia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtoto yeyote. Mimi nilijua kabla ya daktari. Nilikaa kwenye benchi ya hospitali nikijiambia haiwezekani, Njoroge ni AA, nimeiona karatasi. Hospitali walipima wakaniambia ni SS.

Nilimwambia Njoroge jikoni, mtoto amelala. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Halafu akaenda kwa mama yake, akarudi na Biblia, akatoa ile karatasi na kuinyoosha juu ya meza. "Hii inasema mimi ni AA. Mtoto ni SS. S moja ni yako. Hiyo ingine ni ya nani?"

"Karatasi imekosea, Njoro. Twende upimwe tena. Hata Nairobi, mahali unataka wewe."

"Nipimwe tena na nani? Si nilipimwa na Inchaji? Si ni wewe ulikuwa unaniambia hajawahi kukosea?"

Ni kweli. Ni mimi niliyemwambia. Njoroge alihamia kwa mama yake, hapohapo Ruiru, mitaa miwili kutoka kwetu.

Mama mkwe ndiye aliyemaliza kazi. Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba, na wetu alikuwa na jina la marehemu mzee wake. Alikuja asubuhi, hakukaa, alisimama mlangoni na leso imefungwa kiunoni. "Nimekuja kuchukua jina la mzee wangu. Hilo jina halitaitwa mtoto wa mtu tusiyemjua. Mtafutie lingine kwenu Busia." Ngai! Jina linachukuliwaje? Lakini lilichukuliwa. Kanisani walianza kumwita "huyo mtoto". Njoroge akituma pesa za dawa anaandika "za mtoto". Nilikuwa nampaka mwanangu mafuta mikononi nikimwita jina lake kwa nguvu, mara kumi, ishirini, ili asikie kuna mtu mmoja duniani bado anamwita.

Sikumfikiria Inchaji hata hapo. Mnaona alivyotukalia akilini? Nilifikiria chupa zilibadilishwa, nilifikiria stima ilipotea ukanda ukiwa njiani, nilifikiria mpaka makosa yangu mimi. Hata alipostaafu, mtoto akiwa na mwaka na nusu, mimi ndiye niliyetoa shukrani kwa niaba ya wafanyakazi, kwenye ile hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania. Nilisimama na kipaza sauti nikamwita baba. Watu walipiga makofi, yeye akafuta macho kwa kitambaa. Nikikumbuka hotuba ile nasikia aibu mpaka masikioni.

Alipoondoka nikapewa funguo za stoo. Siku moja nikitafuta chupa nikaona vitabu vya kanda, vimepangwa vizuri kwa miezi, maana alikuwa mtu wa mpango. Nikatoa kile cha mwezi wa harusi yangu. Nilikuwa nataka kuona mstari wa Njoroge. Nilidhani labda una kivuli nyuma, kitu kidogo ambacho jicho la mzee lilikipita. Ukanda wa siku ile ulikuwepo. Nafasi ya kwanza nilikuwa mimi na mistari yangu miwili. Baada yangu watu watano. Namba ya Njoroge haikuwepo. Na kulikuwa na nafasi mbili tupu.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo. Angekuwa na watu wengi kuliko nafasi, ningesema alikuwa anabana matumizi, maana kanda zile ni ghali na mwenye maabara ni mgumu. Nafasi mbili zilikuwa tupu, na chupa ya mume wangu ilikuwa imesimama karibu na mkono wake. Tone moja tu. Hangepoteza hata kitu.

Nikaleta rejista nikaanza kulinganisha, siku kwa siku, mwezi kwa mwezi. Ndipo nikakumbuka safu zake mbili. Kila asubuhi Inchaji alipanga chupa kwa safu mbili na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupanga. Safu ya kwanza alitupa sisi, ikiwa na namba tu, tukaipima. Safu ya pili alisema atapima yeye mwenyewe jioni, tukishaenda, kwa sababu anapenda utulivu. "Mzee anajituma," tulikuwa tunasema. Kwenye kanda walikuwepo kina Wafula, kina Achieng, kina Mwanaisha wa Majengo. Kina Kamau, kina Wanjiku, kina Njoroge, Wakikuyu wote, walikuwa kwenye rejista peke yake, AA, AA, AA, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga ukanda. Mzee wa damu haina siasa! Mwenye maabara nilipomwonyesha aliniambia nirudishe kitabu mahali pake nifikirie kazi yangu. Nimefikiria. Nilipiga picha kila ukurasa, na mpaka leo nawapigia simu watu wale mmoja mmoja. Wengine wananishukuru, wengine wananiuliza nina wivu gani na mzee wa watu.

Nikampigia Njoroge kwanza, nikamwambia nimeona kitabu. Akaniuliza kitabu kinakaa wapi. Nikamwambia kinakaa kwetu kazini. "Na funguo anazo nani?" Ninazo mimi. Hapo nikaelewa anadhani nimekitengeneza mwenyewe. Neno langu halikuwa na uzito tena, nalo tumbo langu lilikuwa shahidi mbaya. Kulikuwa na mdomo mmoja tu ambao Njoroge angeuamini.

Inchaji anaishi Mwihoko, kwenye ploti yake ya nyumba za kupangisha. Nilifika Jumapili mchana. Nilimkuta amechuchumaa ukutani na kopo la rangi, anaandika namba za nyumba kwenye mita za maji, tarakimu zimenyooka kama zamani. Amezeeka. Shingo imepungua ndani ya kola. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kubomoa nyumba, na nilipoona shingo ile nikashika mkoba kwa nguvu ili hasira isinitoroke.

"Nekesa wa Busia! Karibu, karibu. Mama, leta chai, tuna mgeni."

Mke wake akatoka na thamosi na vikombe, akanishika mkono, akaniuliza mtoto hajambo. Nikasema ni mgonjwa. Nikafungua simu, nikamwekea Inchaji picha ya ukanda mbele ya macho.

Alivaa miwani, akaangalia. Alijua mara moja. "Huo ukanda… nadhani huo mwingine uliharibika. Niliutupa."

"Kuna nafasi mbili tupu hapa, Inchaji. Ukanda mwingine wa kutupa ungetoka wapi?"

"Ni miaka mingi, msichana wangu."

"Ni miaka mitatu. Na nimeangalia miezi yote. Hakuna Mkikuyu hata mmoja kwenye kanda zako."

Akavua miwani, akaifuta na shati. Nilidhani atakana. Alinijibu kwa upole kabisa, kama ananifundisha. "Sikiza, Nekesa. Hii ugonjwa si ya huku. Ni ya watu wa ziwa na watu wa pwani, wewe unajua. Miaka thelathini nimefanya hii kazi. Sijawahi kuona Mkikuyu ako na AS. Hata mmoja."

"Ungemwona wapi," nikasema, "na hukuwahi kumpima?"

Mke wake aliweka thamosi chini. Inchaji alivaa tena miwani. Ninaapa hakuwa amewahi kujiuliza. Miaka thelathini aliandika AA kwa sababu hakuwa ameona, na hakuona kwa sababu aliandika AA. Mtu aliyewafokea wachumba kwa vifuniko vya soda!

"Nyanya yake Njoroge mzaa mama alizaliwa Majengo," nikaendelea. "Alibatizwa akaitwa Wambui, na mama mkwe anaficha mpaka leo. Hiyo uliisoma wapi kwenye majina matatu? Na hata angekuwa wa Kandara mpaka kwa Adamu, chupa ilikuwa pale! Mimi nilikuwa kontroli yako. Kila Jumatatu nilikupa mkono wangu. Ulijua nabeba nini, ukaniandikia mume bila kumpima."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Mpangaji mmoja alitoa kichwa dirishani, akakirudisha. Inchaji aliangalia brashi yake.

"Unataka nini?" akauliza.

"Mtoto wangu hana baba na hana jina kwa sababu ya karatasi yako. Mpigie."

"Nitamwambia mashine ilikuwa na shida siku hiyo."

"Hapana. Ukisema mashine, atasema mimi ndiye nilikuwa nikishika mashine. Mwambie kile ulifanya."

"Mimi ni mzee wa kanisa, Nekesa. Hiyo habari itafika kila mahali."

"Yangu imefika."

Ni mke wake aliyesema, "Piga, Baba Wanjiku." Nikabonyeza namba, nikaweka sauti ya nje, nikaweka simu juu ya mita ya maji.

"Njoroge. Ni Inchaji wa Thika."

"Inchaji! Habari ya siku nyingi, mzee?" Furaha ya kweli ya mtu anayeheshimu. Nilitamani kuvunja kitu.

"Nzuri. Njoroge… ile damu yako ya kabla ya harusi. Sikuipima."

"Ati?"

"Sikuipima. Nilisoma jina nikaandika AA. Hiyo karatasi si kitu. Itupe."

Nilisikia makelele ya dukani kwake, nyundo ikigonga chuma mahali fulani, halafu nikasikia anafunga mlango. "Nekesa ako hapo?"

Nikachukua simu, nikazima sauti ya nje, nikaenda nayo mpaka getini. Nilikuwa nimejiandalia maneno miezi mingi, maneno ya kumchuna ngozi, na bado ninayo, atayasikia. Lakini Njoroge akauliza, "Ako aje? Mikono imeacha kufura?" Na akamtaja. Alimtaja kwa jina la baba yake, jina zima, mara ya kwanza tangu mama yake alichukue. Nikashika geti. Nikamwambia kesho saa mbili atanikuta hospitali na mtoto, akunje shati, na aje na mama yake asikie kwa masikio yake. Akasema sawa. Akasema nisamehe. Nikamwambia hilo halina haraka.

Niliporudi, Inchaji alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na mke wake amesimama nyuma yake bila kumgusa. Chai ilikuwa imemiminwa. Hakuniomba msamaha. Alitoa kalamu kwenye mfuko wa shati na daftari dogo la maombi ya kanisa, akafungua ukurasa, akauweka sawa juu ya goti.

"Huyo kijana anaitwa nani?" akauliza. "Niandike, tumwombee Jumatano."

Nikaangalia ile kalamu, wino uleule wa buluu.

"Hapana, Inchaji," nikamwambia. "Yeye utamwombea bila jina."

Nikamuaga mke wake, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka nikiiacha chai yao vikombeni.